Ukope wa Orpah

Asubuhi ile tulikuwa tunachuma chai, mimi na Orpah, katika shamba la mama mkwe wetu upande wa juu wa Nyamache. Umande ulikuwa bado mwingi, na zile karatasi za nailoni tulizojifunga kiunoni zilikuwa zinapiga kelele kila tukisogea. Orpah alikuwa amembeba Lavender mgongoni. Mimi nilikuwa nimemwacha Ronny wangu nyumbani kwa sababu ya mafua. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisimulia mambo kama haya huanza na mbwa aliyelia au bundi aliyetua juu ya paa. Sisi hatukusikia bundi. Orpah aliacha tu kuchuma, akaweka kidole juu ya jicho lake la kushoto, akasema ukope unamcheza.

Nilimuuliza ni wa juu au wa chini. Kwetu wa chini ukicheza utalia, wa juu ukicheza utaona mgeni. Akasema ni wa juu. Nikamwambia basi akirudi apike ugali mkubwa. Alicheka, akasema mgeni wake yeye ni Walter peke yake, na Walter huwa haleti kitu ila nguo chafu.

Walter ndiye mume wake, ni kaka wa mume wangu. Anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kisii mjini na hurudi Ijumaa jioni ili Sabato imkute nyumbani. Nyumba zetu zinatazamana, na katikati kuna ya mama mkwe wetu, Mama Mong'ina. Nilipomzaa Ronny nikaumwa, Orpah ndiye aliyekuwa anateremka kijitoni na nguo zangu, nguo ambazo hata mama mzazi anaweza kuzikunjia uso. Alizifua na hakumwambia mtu. Mimi niliziona tu zimeanikwa. Kwa hivyo haya ninayosimulia ni ya mtu ninayempenda, na niliyaona mwenyewe kwa sababu nilikuwa naingia na kutoka kwake kama kwangu.

Mgeni hakuja. Ukope uliendelea kucheza.

Mwanzoni tulifanya mzaha. Kanisani shemasi mmoja alidhani Orpah anamkonyeza, akahamia benchi ya mbele na mke wake akahama naye. Tulicheka njia nzima. Lakini ukope ulikuwa unacheza asubuhi, unacheza akiwa anapika, unacheza akiwa amefumba macho kuomba. Alienda zahanati. Daktari, kijana mpole, alimmulika kwa tochi, akamwambia ni uchovu wa kunyonyesha. Alale, apunguze kutazama simu, apunguze chai. Orpah alirudi akiniuliza ni nani anaweza kumwambia mtu wa Nyamache apunguze chai. Hata hivyo alipunguza. Akanywa uji. Akalala mapema, na Mama Mong'ina akawa anambeba mtoto mchana ili apumzike.

Mama Mong'ina pia alikuwa na dawa yake. Alichana kipande kidogo cha jani kavu la mgomba, akakilowesha kwa mate, akakibandika juu ya ukope ili uchoke kukibeba. Tulikaa pale tukitazama. Kile kipande kilikuwa kinatetemeka. Kilipanda na kushuka kama kuna mdudu chini yake, anatafuta pa kutokea.

Sasa lazima niwaambie habari za Nyanchoka.

Ng'ambo ya kijito kuna nyumba ya mama mzee ambaye sisi wote tunamwita magokoro, yaani nyanya, ingawa si nyanya ya mtu yeyote wa hapa. Ana binti mmoja aliyeolewa Ogembo. Nyanchoka huvaa kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, hata jua likiwa kali. Akikusalimu anaangalia miguu yako. Ukiwa na mtoto, anageuka kabisa na kusalimu akiangalia ua. Wanawake hunong'ona kwamba mtu asiye na jambo la kuficha hutazama watu usoni.

Mimi nilikuwa nimeona mengine. Wakati wa parachichi, alikuwa anapanga parachichi juu ya nguzo ya ua wetu kabla hatujaamka, zile zilizoiva tu. Njia ya kijitoni ikiwa na utelezi, kuna mtu alikuwa anaimwagia majivu. Siku moja niliyaona hayo majivu kwenye viatu vyake. Nilitaka kumshukuru. Akanipita akiangalia chini, akasema tu, "Shika mtoto vizuri."

Siku moja tukiwa tunapanga majani kwenye vikapu, Orpah alinisogelea. Alinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu karibu.

"Ukope huu hucheza zaidi nikiwa na mtoto," alisema. "Na jana yule magokoro alipopita, ulipiga mpaka jicho likafunga. Linanionya."

Nilimwambia ni uchovu.

"Mama Ronny, mtu akikuletea matunda kila siku na hataki umwone macho, anataka nini?"

Na siku hizo ndizo ambazo Lavender alianza kulia.

Lavender alikuwa bado mchanga, hata kukaa hajajua. Ni mtoto mweupe, ana rangi kama ya ndizi iliyoiva vizuri, na kwetu mtoto wa rangi hiyo huogopewa sana macho ya watu. Hakuwa na homa. Alikuwa ananyonya kidogo na kuachilia titi. Alikuwa anajisugua mgongo kwenye blanketi. Ukimtazama ngozi ilikuwa safi. Ukipitisha kiganja, ilikuwa inakwaruza kama ulimi wa paka.

Mama Mong'ina alipopitisha kiganja chake, alienda kwake, akarudi na mkebe wa samli.

Jambo hili wa mbali hawalijui, kwa hivyo nalieleza. Kuna watu ambao macho yao, wakimtazama mtoto, huvuta vitu vidogo vidogo vilivyo karibu na kuviingiza kwenye ngozi yake. Sisi tunaita okobiriria. Mtu kama huyo anaweza kuwa mwema kabisa. Hana kibuyu, hana dawa. Ni macho tu. Vile vitu visipotolewa huzidi kuingia ndani, na mtoto huisha. Dawa yake ni samli. Unampaka mtoto, unamsugua polepole, kisha unafuta kwa kitambaa cheupe na kuangalia.

Tulifunga mlango. Mama Mong'ina alimlaza Lavender kwenye mapaja yake, akamsugua mgongo, mabega, nyuma ya magoti. Mtoto alilia kisha akachoka kulia. Kitambaa kilikuwa kisafi, mimi mwenyewe nilikuwa nimekifua. Mama mkwe alikikunjua mbele ya dirisha.

Kulikuwa na chembe za wimbi. Kulikuwa na ncha za majani makavu ya chai, na unyoya wa kifaranga mwembamba kama uzi. Chembe moja ya wimbi ilikuwa imeanza kutoa mzizi.

Hakuna aliyelitaja jina. Orpah aliangalia tu upande wa kijito.

Kuanzia siku hiyo Lavender hakutolewa nje tena. Orpah aliacha kuja shambani, mimi nikawa nachuma sehemu yake na kuipeleka kituo cha chai kupimwa pamoja na yangu. Walifunga dirisha kwa gunia. Walter alipokuja aliziba hata nyufa za mlango kwa matambara. Mtoto alikaa humo ndani na mama yake, na Orpah hakumwondolea macho. Alikuwa anaketi kando ya kitanda akimlinda. Anamtazama akilala. Anamtazama akiamka. Ukope wake ulicheza bila kupumzika hata kidogo, na alisema haumsumbui tena, kwa sababu sasa anajua ni wa kumwonya.

Mtoto alizidi kukonda.

Nilikuwa naingia na uji, natoka na nguo chafu. Kila nikiingia shingo ya Lavender ilikuwa imekuwa nyembamba zaidi. Sauti yake ya kulia ilipungua ikawa kama mlango unaofunguliwa mbali. Zahanati walinipa nimpelekee dawa ya minyoo na maji ya chumvi na sukari. Mzee wa kanisa alikuja, akaomba vizuri, akatoka akijifuta jasho. Nje aliniuliza kama na mimi nilihisi kitu kinanikuna pale ndani.

Ijumaa iliyofuata Walter alirudi na mkebe wa mafuta taa. Kwetu tunatumia taa za sola. Nilimwona akiuficha nyuma ya jiko, chini ya majani makavu ya migomba. Vijana wawili walikuja kumwona, hawakuingia ndani, waliongea kwa sauti ya chini karibu na choo. Sisi watu wa huku tunajua mambo kama hayo yameishaje kwa kina mama wazee walioitwa wachawi. Mnajua pia. Sitaandika.

Nilienda kwa mama mkwe, nikapiga magoti pale jikoni kwake, nikamwomba jambo moja. Nilimwomba amsugue mtoto tena kabla ya lolote kufanyika, na Walter awepo aone. Nilikuwa na sababu. Nyanchoka alikuwa ameenda Ogembo kwa binti yake tangu wiki iliyopita. Nilijua kwa sababu nguzo ya ua ilikuwa haina kitu na njia ilikuwa imerudi kuteleza. Ngozi ya mtoto ikitoka safi, nilijiambia, basi ni yeye kweli, na mimi nitanyamaza. Nakubali kwamba sehemu ya moyo wangu ilitaka itoke safi, mtoto apone, hata kama ni kwa njia hiyo.

Mama Mong'ina alisugua. Walter alishika tochi. Orpah alikaa juu ya kitanda, mikono imebana magoti.

Kitambaa kilikunjuliwa.

Kulikuwa na nyuzi nyekundu. Zilikuwa za blanketi la kitanda kile kile alichokalia Orpah. Kulikuwa na vipande vidogo vya gazeti, kutoka kwenye yale magazeti waliyobandika ukutani, herufi zikiwa bado zinasomeka. Kulikuwa na masizi. Hakukuwa na wimbi, wala unyoya, wala kitu chochote cha nje.

Walter alizima tochi.

"Yule wa ng'ambo hajawahi kuingia humu," mama mkwe alisema. "Vitu hivi ni vya humu ndani."

Orpah aliinua kichwa. Hakumtazama mume wake wala mama mkwe.

"Ni nani mwingine anaingia humu?" akauliza. Alikuwa ananitazama mimi.

Nilitoka na bakuli langu la uji likiwa bado limejaa. Sikumchukia. Ningekuwa na mtoto anaisha namna ile, ningemshuku hata Mungu. Lakini njiani kwenda mlangoni kwangu nilianza kukimbia. Nilipofika nilimvua Ronny shati, nikampapasa mgongo wote. Ulikuwa laini. Nikampapasa tena.

Kesho yake, Sabato, Orpah alikuja kanisani peke yake, mtoto amebaki na Walter, akakaa mbali nami. Baada ya ibada watu walikuwa wanamsalimu kwa furaha. Nilisogea nisikie. Alikuwa anawaambia Bwana amesikia. Ukope umeacha kucheza. Aliamka asubuhi ukiwa umetulia, jicho limekaa kimya kama jicho la mtu mwingine. Nilimtazama kwa mbali. Lilikuwa limetulia kweli. Lilikuwa limetulia sana. Halikuwa linapepesa.

Alipofika nyumbani akamwinamia Lavender, mtoto alipiga ukelele mmoja ambao nilisikia kutoka kwangu. Halafu kimya. Mama mkwe alikimbia. Nilimwona akitoka na mtoto amemfunika leso mwili mzima, anasema ngozi imekuwa kama msasa.

Sikuvaa hata viatu. Nilishuka kijitoni.

Moshi ulikuwa unatoka kwa Nyanchoka. Alikuwa amerudi asubuhi hiyo, na mfuko wake ulikuwa bado uko kizingitini. Mbele ya mlango wake kuna mgomba mmoja, umesimama peke yake, na nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuuangalia. Upande wa nyuma shina lilikuwa laini, linang'aa kama shina lingine lolote. Upande unaotazama mlango, kwenye kimo cha macho ya mama mzee aliyeinama, lilikuwa limeota magamba. Nilisogea. Hayakuwa magamba. Ilikuwa wimbi, na nyuzi, na nywele, na manyoya ya kuku, na kokoto nyembamba kama chumvi. Vyote vilikuwa vimezama ndani ya shina, kimoja kando ya kingine, vingi sana hata huwezi kuweka kidole.

"Usiguse," alisema nyuma yangu.

Aligeukia ua mara moja. Nilimweleza yote nikiwa nimeuangalia mgongo wake. Nilimweleza hata habari za mkebe wa mafuta taa. Hakushtuka. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ukope wake, bado unacheza?"

"Umetulia, magokoro. Tangu leo asubuhi."

Alitafuta kigoda kwa mkono bila kuangalia, akaketi.

"Jicho likianza kufunguka hucheza," alisema. "Langu lilicheza nikiwa na mtoto wa pili. Mimi pia walinifungia naye ndani, ili nimlinde."

Sikumuuliza yule mtoto wa pili alienda wapi. Nimewaambia ana binti mmoja.

Tulipanda pamoja, yeye mbele, kofia imeshuka. Walter alikuwa amesimama mlangoni, na wale vijana wawili kando yake, na mkebe ulikuwa umeshatolewa chini ya majani. Nikaenda nikasimama mbele ya Nyanchoka. Mama Mong'ina akatoka na mtoto, akasimama kando yangu. Hatukuwa tumepanga. Walter alituangalia sisi wanawake watatu, na mtoto wake mikononi mwa Mama Mong'ina, na hakujua ashike nini.

"Shemeji," nilimwambia, "mfunge Orpah macho. Mfunge tu, mtoto anyonye. Asiponyonya, fanya unalotaka."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alikuwa amechoka. Aliingia, akachukua kitambaa cha kichwa cha Orpah mwenyewe, akamfunga macho. Orpah hakukataa. Alikuwa analia tayari, nafikiri alikuwa ameelewa tangu zile nyuzi nyekundu na hakutaka kujua. Mama mkwe alimsugua mtoto kwa samli, akamfuta, akamweka kifuani.

Lavender alitafuta. Akapata. Akanyonya.

Alinyonya mpaka titi moja likaisha akapewa la pili. Kisha akalala, mikono imefunguka. Wale vijana waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Nyanchoka alisimama nje, ameegemea ukuta, na kutoka pale nje alimfundisha Orpah kupitia dirisha la gunia, kwa sauti ya chini kama mtu anayebembeleza.

Alimwambia asiwe anamtazama mtoto usoni, wala mgongoni akiwa hajavaa. Amtazame nyayo, na kwa haraka. Kila asubuhi, kabla ya kumwona mtu yeyote, atoke mlangoni atazame mgomba, aweke macho pale mpaka yachoke. Mgomba hauna mama, alisema, hautamlilia mtu. Na akisalimiwa na mwenye mtoto, ageukie ua.

"Watasema ninaficha jambo," Orpah alisema, macho bado yamefungwa.

"Watasema," Nyanchoka akajibu.

Yale mafuta taa yalikaa nyuma ya jiko mpaka Walter alipoyamwaga mwenyewe kwenye shimo la choo. Alipanda mgomba mbele ya mlango wake, mkubwa, akauhamisha na udongo wake wote ili usife. Siku hizi parachichi haziwekwi tena juu ya nguzo. Orpah hushuka kuzichukua, na wanaketi pale mbele ya mlango wa Nyanchoka wakitazama upande mmoja, hawageukiani.

Lavender alipona. Sasa anatembea, anapenda kumfuata Ronny, na akicheka unasikia mpaka barabarani. Mama yake humjua kwa uzito na kwa harufu ya kichwa. Humwogesha kwa kupapasa. Hakumwona akitoa jino la kwanza. Kwa hivyo kila jioni nikitoka kituoni mimi hupitia pale, na Orpah, akiwa amenipa mgongo, huniuliza swali lile lile: niambie uso wake leo. Namwambia ana uji kidevuni. Namwambia nyusi zimeanza kuwa nene kama za Walter. Namwambia anafanana na yeye, Orpah, hasa akikasirika, na yeye hucheka na kujifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Juzi nilipitia kama kawaida na Ronny. Mgomba wao umekuwa na magamba yake, kwenye kimo cha macho ya Orpah, sehemu yenye upana wa sahani. Nimezoea kuyaona. Ronny alivua kiatu, nikainama kumvalisha.

Chini kwenye shina, juu kidogo ya goti langu, kulikuwa na sehemu nyingine. Ilikuwa ndogo. Ungeweza kuifunika kwa kifuniko cha chupa. Wimbi lake lilikuwa bado jipya, na uzi mmoja mwekundu ulikuwa haujazama wote, ncha yake ilikuwa inapeperuka.

Nilisimama. Lavender alikuwa kizingitini, ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, anamtazama Ronny. Alikuwa anacheka. Ukope wake wa kushoto ulikuwa unapanda na kushuka.

"Mama Ronny," Orpah aliita kutoka ndani, mgongo wake kwetu, mikono yake kwenye unga. "Niambie uso wake leo."

"Anacheka," nikasema.

"Na macho?"

Jua lilikuwa linazama nyuma ya chai. Nilimshika Ronny mkono, nikamgeuza aangalie barabara.

"Mazuri," nikasema. "Kama yako."

Ronny alikuwa anajikuna shingo.